Chai ya Mjomba Pius

Keti vizuri, msomaji wa rika langu, nikusimulie habari ya kopo moja. Sitakuchosha. Kama ulikuwa mtoto wakati rafu za madukani zilikuwa na viberiti na majani ya chai tu, na ukawa bado mtoto siku soda zilipoanza kuuzwa kila kona, basi mengi nitakayosema unayajua tayari. Nitakueleza yale ambayo huenda kwenu hayakutokea.

Baada ya arobaini ya mama nilibaki peke yangu kuhamisha vyombo vya jikoni kwake, pale Mwembesongo. Nyuma ya mtungi nikakuta kopo lile la maziwa ya unga ambalo kwa miaka yote lilikuwa kopo la sukari. Picha ya ng'ombe ilikuwa imefutika, zimebaki pembe na nusu ya sikio. Kifuniko kilikuwa kigumu, nikakibandua kwa mpini wa kijiko kama alivyokuwa akifanya yeye. Ndani kulikuwa na sukari iliyoganda pembezoni, ya manjano, na kipande cha gome la mdalasini kimekauka kama kidole cha mzee. Harufu iliponifikia niliketi chini. Ilikuwa harufu ya siku za soko, na harufu ya mjomba Pius.

Mjomba Pius alikuwa kaka mkubwa wa mama. Aliishi juu mlimani, nyuma ya kilele cha Bondwa, na mara moja kwa juma alishuka na tenga la njegere, karoti na ndizi kuuza sokoni mjini. Alishuka jioni, akalala kwetu, alfajiri akaenda soko. Baba yetu alikuwa fundi wa reli, kituo chake Ngerengere, nyumbani alikuja akipewa likizo. Lakini hata angekuwepo kila siku, kwa sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Ada ya shule, ugonjwa, posa, ugomvi, yote yalisubiri mjomba ashuke. Kwa hiyo chai yake haikuwa chai ya kawaida.

Nikueleze utaratibu wake. Chai ya mgeni wa heshima ilitiwa sukari jikoni na mwenye nyumba, ikakorogwa jikoni, ikatoka ikiwa tayari. Mgeni hakuulizwa vijiko vingapi. Swali hilo mama alilihesabu kuwa tusi. Maana yake ilikuwa: nakupimia, naionea uchungu sukari yangu, sema kidogo ili tubakiwe na nyingi. Mama aliweka vitano, vilivyojaa, na mjomba akipiga funda la kwanza husema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani, "Roza, kijiko kimesimama chenyewe humu." Mama akicheka kwa neno hilo, ujue jioni yote itakuwa njema.

Wakati wa uhaba aliifanya kazi hiyo kwa jasho. Sukari ilipatikana kwa balozi wa nyumba kumi, kwa zamu, kiasi cha kufungwa kwenye karatasi ya gazeti. Mama aliifungia kwenye sanduku la kanga zake. Sisi watoto tulikunywa uji wa chumvi, na tuliamini kwamba uji ndivyo ulivyo. Vijiko vitano vya mjomba havikupungua hata juma moja.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Sijui kwenu ilifika vipi. Kwetu ilifika kama gunia la sukari lililofunguliwa mdomo mbele ya duka, mchana kweupe, bila foleni, na kijiko kikubwa cha bati kimechomekwa katikati. Zikaja biskuti za kila rangi, pipi, unga wa juisi katika vipakiti ambao kipakiti kimoja kiligeuza ndoo ya maji kuwa ya machungwa. Zikaja soda kwa kreti. Kopo letu likatoka sandukuni na kuwekwa kwenye rafu, limejaa, na mama alilipita akiligusa kwa ncha za vidole kama mtu anayehakikisha mtoto amelala. Mjomba alileta mdalasini wa mlimani, mama akatia kipande ndani ya kopo. Vijiko vitano vikawa saba. Mchana alipewa soda, akirudi kutoka sokoni juisi, akiondoka maandazi ya kula njiani, yenye sukari ndani na sukari nje. Huko njiani kwenyewe, kila nyumba ya ukoo aliyopita kupanda mlima ilifanya hivyohivyo. Nani angekubali kuwa ndiye aliyempa mjomba chai hafifu, sasa ambapo sukari ipo?

Mimi nilikuwa darasa la tatu, na kazi zangu siku ya mjomba zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kumwagia maji anawe miguu. Ya pili kukoroga chai yake bila kugonga kikombe.

Katika kazi hiyo ya kwanza ndiko nilikoanza kuona mambo. Jioni moja alivua katambuga zake, vile viatu vya matairi, nikaona kokoto imekaa chini ya kidole kidogo cha mguu wa kulia, imezama kwenye nyama, na damu imeganda hadi kwenye mkanda wa kiatu.

"Mjomba, una jiwe."

"Wapi?"

"Hapa. Halikuumi?"

Akainama akalitazama kama linalomhusu mtu mwingine. "Basi limenisindikiza toka juu," akasema, akalitoa kwa ukucha. "Hata nauli halikulipa." Tukacheka wote wawili. Mlima mzima alikuwa ametembea juu ya jiwe lile bila kulisikia, na mimi nikaona ni ushujaa.

Jambo la pili lilikuwa maji. Mjomba alianza kunywa maji kupita kiasi. Alimaliza kata moja akanyoosha mkono kutaka nyingine, na kila baada ya muda mfupi alikwenda uani, kwenye bafu letu la mabati. Jambo la tatu ni hili: asubuhi, akishaenda sokoni, nilikuta msafara wa sisimizi umetoka kwenye ua wa michongoma, umepita kando ya jiwe la kufulia, umeingia bafuni. Walikuwa wengi, wamejipanga, na walikusanyika pale sakafuni kama wanaolamba kitu.

Sasa weka akili ya mtoto wa miaka tisa mahali hapo. Sisimizi wanafuata sukari, hilo tulilijua. Kopo letu lilikuwa linashuka haraka mno. Mama mwenyewe alilalamika. Mjomba alitoka uani mara nyingi, na alivaa koti refu lenye mifuko mikubwa hata siku ya joto. Nikahesabu mambo hayo nikapata jibu moja: mjomba anachota sukari yetu, anaificha bafuni, kisha anaipeleka mlimani, na ikimwagika kidogo ndiyo hiyo wanayoila sisimizi.

Nilikaa na jibu hilo majuma mawili. Lilinitesa, kwa kuwa nilimpenda. Juma la tatu nikamwambia mama, akiwa anachambua mchele uani pamoja na Bi Mwajuma, jirani yetu, mhudumu wa zahanati.

"Mama, mjomba anaiba sukari."

Kofi lilifika kabla sijamaliza neno la mwisho. Mama hakuwa mpigaji, na nadhani lilimshangaza hata yeye. "Mjomba wako? Mwenye ukoo? Nani amekufundisha maneno hayo?"

"Sisimizi," nikasema, nikilia. "Kila akitoka bafuni wanakuja sisimizi."

Bi Mwajuma, ambaye alikuwa ameanza kucheka, akaacha. Akaweka ungo chini. "Njoo unionyeshe."

Nikamwonyesha. Alichuchumaa pale mlangoni, akatazama sakafu kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kisha akaniuliza kama mjomba anakunywa maji mengi. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama amekonda. Nikasema koti limekuwa kubwa. Akarudi kwa mama, akamwambia kwa sauti ya chini, "Roza, mtoto amekosea mwizi, lakini sukari amepatia ilipo. Inatoka mwilini mwa kaka yako. Mpeleke akapimwe, ni kisukari hicho."

Mama akakusanya mchele wake. "Kaka yangu ana afya. Anashuka mlima na tenga kichwani."

"Anashuka. Ataendelea kushuka mpaka lini?"

Mama akaubeba mchele wake ndani, na kwa siku kadhaa hawakusalimiana vizuri.

Nikueleze kilichokuwa kinatokea, maana mimi nilikuja kukielewa ukubwani. Mwili wa mwenye kisukari hauwezi kuitumia sukari iliyomo kwenye damu, kwa hiyo inajaa, na nyingine inatoka na mkojo. Ikikaa sana kwenye damu inaharibu mishipa, hasa ya miguuni: mguu unapata ganzi, jeraha halisikiki, na likishaingia halifungi. Sukari ya kwenye kikombe si chanzo pekee cha ugonjwa huo, na wapo waliokunywa chai tamu maisha yao yote wasiupate. Ila aliyekwisha kuupata, kila kijiko ni mzigo unaoongezwa kwenye tenga ambalo tayari limemshinda.

Ile kokoto ndiyo iliyommaliza ubishi mama. Kidonda chake kidogo hakikupona. Juma hadi juma nilikiona kikipanuka, kikawa na harufu, na mjomba akaanza kukifunga kitambaa ili nisikione. Siku aliyoshindwa kuvaa katambuga alipelekwa hospitali, akakaa siku nyingi, na akaruhusiwa kutoka kwa masharti. Ameze vidonge. Asafishwe kidonda kila baada ya siku mbili. Aache kabisa sukari ya chai, soda na juisi, apunguze ugali na wali. Akaambiwa wazi kwamba atapimwa tena baada ya majuma matatu, na kama sukari haijashuka, mguu utakatwa juu ya kifundo.

Mguu wa mtu wa mlimani ni shamba lake. Bila mguu asingeweza kupanda kwenye matuta yake ya njegere, wala kushuka sokoni, wala kufika kwenye kikao chochote cha ukoo, maana vikao vyote viko juu na njia zote ni za miguu. Hilo nililielewa hata mimi.

Alikaa kwetu majuma yale. Siku ya kwanza mama alimtengenezea chai bila sukari, akakifikisha kikombe mpaka mlangoni, akageuka nacho. Nilikuwa jikoni, nilimwona. Alisimama mbele ya rafu. "Kaka yangu anywe maji ya moto na majani, kama mfungwa?" alisema, akiliambia kopo. Akatia vitatu. "Nimempunguzia," akaniambia. "Usiseme."

Kesho yake akatafuta asali, kwa sababu asali inatoka porini, ni dawa. Kesho kutwa sukari guru, kwa sababu haijapita kiwandani. Akamnunulia soda ya machungwa badala ya ile nyeusi, kwa sababu machungwa ni matunda. Kila alichofanya alikuwa na maelezo yake, na maelezo yote alikuwa anayaamini wakati anayasema. Leo najua kwamba damu haiulizi sukari imetoka mzingani, kwenye miwa au kwenye kipakiti. Wakati ule nilijua jambo moja tu: vijiko navikoroga mimi.

Bi Mwajuma alikuja kila jioni kutazama kidonda. Yeye na mjomba walikuwa watani, na watani wana ruhusa ambayo ndugu hawana.

"Mtani," alimwambia siku moja akifungua bandeji, "ukifa sina neno. Nitakuja nimeshiba, nilie kidogo, nidai kichwa cha mbuzi. Lakini huu mguu ukikatwa, nani ataniletea njegere?"

"Nitakuja kwa magoti."

"Utafika zimeota." Kisha akaacha utani. "Mbona hakifungi? Vidonge unameza?"

"Nameza."

"Chai je?"

Mjomba alitazama mlimani. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Mimi nilitazama miguu yangu. Bi Mwajuma akatutazama mmoja mmoja, akaendelea kufunga.

Zilibaki siku nne kufikia siku ya kupimwa. Asubuhi ile mama alikuwa uani anakaanga maandazi, akaniambia kupitia dirishani, "Sesi, mpelekee mjomba chai. Vitatu, usizidishe." Nilimimina chai. Nikafungua kopo kwa mpini wa kijiko. Sikumbuki kama niliwaza sana. Nakumbuka mkono haukutaka kuchota. Nikafunga kopo, nikalibana kwapani, nikabeba kikombe kwa mkono mmoja na kijiko kwa mwingine, nikatoka barazani.

Mjomba alikuwa ameketi kwenye benchi, mguu umenyooshwa juu ya kigoda.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Leo umehama na ghala zima?"

Nikaweka kikombe mbele yake, kopo pembeni, kijiko juu ya kopo. Sauti yangu ilitoka nyembamba. "Mjomba, vijiko vingapi?"

Mama alikuwa amefika na sahani ya maandazi. "Sesi! Una wazimu? Anaulizwa vijiko mjomba wako?"

Mjomba akainua kiganja kumzuia. Akaniuliza, "Kwani kila siku vilikuwa vingapi?"

Nilimtazama mama. Nikasema, "Zamani vitano, baadaye saba. Tangu utoke hospitali, vitatu. Na asali."

Nilingoja kofi jingine. Badala yake nikasikia mama anasema kwa sauti ya mtoto, "Ningekupa nini, kaka? Nilikuwa na nini kingine cha kukupa?"

"Roza, sikulaumu," mjomba akasema. "Nilijua. Mguu ndio uliokufa ganzi, ulimi bado mzima. Nilikuwa nakunywa nikijiambia, nimetii, mimi sikutia sukari, ametia Roza. Na ile soda ametoa Roza. Mpaka kule juu, kila nyumba, wametia wao." Alitikisa kichwa. "Sasa mguu wakiukata, wataukata wa Roza?"

Akafungua kopo. Akachota kijiko kimoja, kimejaa, akakiinua mbele ya macho, na harufu ya mdalasini ikatufikia wote. Alikitazama kijiko, akautazama mguu juu ya kigoda. Kisha akakirudisha kijiko ndani ya kopo, akakimwaga polepole, akafunga kifuniko na kukigonga kwa kiganja mara mbili mpaka kikashika. Akanywa. Uso wake wote ulijikunja.

"Chungu," akasema. "Kama mdomo wa Mwajuma."

Mama aliondoka na maandazi yake. Baadaye nilimkuta jikoni ameketi juu ya kinu, halii, anatazama tu rafu tupu pale kopo lilipokuwa likikaa.

Sitakuambia kwamba kikombe kile kilimponya. Siku ya kupimwa sukari ilikuwa imeshuka kidogo tu, na daktari akampa majuma mengine mawili. Vidonge vilifanya kazi yake, na Bi Mwajuma yake. Mama aliacha kumnunulia soda, akajifunza kupika njegere bila wali mwingi. Kidole kidogo kilikatwa. Mguu ulibaki. Msimu uliofuata alishuka na tenga dogo na fimbo, na kila nyumba aliyopita kupanda mlima alifika akiwa na neno moja mdomoni kabla hawajawasha moto: "Sukari leteni pembeni, nitajiwekea." Wengine walinung'unika. Alishuka misimu mingi baada ya hapo.

Kwetu kopo lilihamia mezani, likafunikwa kitambaa cha kufuma. Mama alizoea kuliweka, lakini lile swali hakuwahi kulitamka kwa mgeni. Alisogeza kopo na kugeuka upande. Nililiuliza mimi, hadi miezi yake ya mwisho, nilipokuwa nampikia.

"Mama, vijiko vingapi?"

"Na hilo swali lako," alisema, akitabasamu kwa upande mmoja. "Kimoja. Usijaze."

Nimelisafisha kopo. Liko mezani kwangu ninapoandika. Basi na wewe kesho asubuhi pika chai bila sukari. Weka kopo na kijiko katikati ya meza, umuulize kila aliyeketi, mkubwa na mdogo, vijiko vingapi, kisha nyamaza mpaka ajibu. Wa kwanza kuulizwa uwe wewe.